Sikio la kushoto

Mtoto wa kakangu ana miaka sita na vidole vyake havijui kutulia. Juzi alikuwa amenipanda mabegani, akaingiza kidole kwenye kishimo changu nyuma ya sikio la kushoto, akauliza, "Shangazi, nani alikuchimba hapa?"

Nikamwambia ni daktari. Akataka kujua kama alitumia jembe.

Sikio langu lile lilikuwa bovu tangu utotoni. Usaha tangu chuo cha Kurani, pamba ndani, na mwenzangu wa mkekani akijisogeza mbali kwa sababu ya harufu. Nyanya alikuwa akipasha mafuta ya nazi na punje ya kitunguu saumu, akinitilia matone huku akinisomea. Usaha ukikata, twasema nimepona. Nikipata mafua, warudi. Kibokoni nzima, mtaa wetu wa Mombasa, ilishaamua kwamba sikio lile limekufa, nami sikubisha.

Hadi nikiwa kigoli, nikaamka mdomo umekwenda upande. Jicho la kushoto halifumbi, chai yamwagika kifuani, na nikibonyeza sikio nyumba yazunguka. Majirani wakasema jini huyo. Nyanya hakushindana na mtu. Asubuhi aliniletea kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya marashi, nikanywa lote. Adhuhuri akajitanda buibui lake, akasema, "Haya, sasa hospitali."

Daktari wa masikio alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, au labda ni mimi nilivyomsikia. Alitoa mfukoni chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwenye goti lake, akasimamisha kikonyo chake katikati ya kipaji changu cha uso. Kilikuwa baridi. Nikahisi mtetemo kwanza, kisha mlio, nami nikaungoja upande wa kulia, upande wangu wa kusikia. Kulia hapakuwa na kitu. Mlio wote ulikuwa kushoto, mwembamba, safi, kama niliowahi kuusikia zamani nikausahau. Nilishika pumzi nisiupoteze.

"Wasikia upande gani, mwanangu?"

Nikanyamaza, nikiogopa kuitwa mwongo. Mwisho nikanyosha kidole kushoto.

"La, daktari," nyanya akadakia kutoka benchini, "hilo ndilo bovu!"

"Najua, mama. Ndiyo maana yuasikia huko."

Akatueleza. Sauti kwa kawaida hupita kwenye kiwambo cha sikio, kisha vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kwangu njia hiyo ilikuwa imekatika. Lakini mlio wa chuma kile ulipita kwenye mfupa wa kichwa hadi sikio la ndani, nalo lilikuwa zima. Tena kwa kuwa kelele za chumbani hazikulifikia, lilisikia kuliko mwenzake. Miaka yote ile lilikuwa macho.

Yaliyobaki yalikwenda mbio: picha za kichwa, mchango wa ukoo, upasuaji. Walikuta ngozi imeota mahali isipotakiwa, yajikusanya na kula mfupa. Wenyewe waiita kolesteatoma. Ilikuwa imemaliza fuawe, imetoboa mfereji mmoja wa mizani ya mwili, imeubana mshipa wa fahamu wa uso unaopita hapo hapo. Wakachimba mfupa wa nyuma ya sikio hadi wakaitoa. Uso ulirudi taratibu, kwa miezi. Kusikia kulirudi nusu, tena nusu ya kubembeleza.

Daktari alisema sikio lililotoboka kiwambo halitiwi mafuta wala maji, na usaha ukipita wiki mbili ni kwenda hospitali. Alisema akinitazama mimi. Nyanya alikuwa akivuta tasbihi, na sijui kama alisikia au alichagua kutosikia. Hadi anafariki aliwasimulia wageni kwamba kilichonyoosha uso wangu ni lile kombe. Mimi nilikunywa la mmoja nikachimbwa na mwingine, sina kesi na mtu.

Kesi yangu ni na bahari. Maji baridi yakiingia kwenye tundu walilonichimba, yawa karibu mno na mifereji ile ya mizani, na dunia hupinduka hapo hapo. Mzaliwa wa Mombasa, sipigi mbizi. Watu wakienda kuogelea Bamburi, mimi hukaa mchangani nikilinda viatu vyao, na kuna wifi yangu mmoja ambaye hadi leo asema ni maringo.