Tanga hadi Lushoto kwa Hiace ya kulala, mbwa na paka wakiwa ndani

Hiace inafaa sana kwa safari ya kulala njiani. Vipuri vyake havisumbui kupatikana, na mafundi wa barabara hii wanaijua. Lakini injini yake iko chini ya viti vya mbele, na hapo katikati ndipo mbwa hupenda kulala apate kuiona njia. Toka Tanga saa nne asubuhi. Ukifika Segera, kama kilomita 75 tu, sakafu ile imepata moto mkali. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Akichomwa chini huku anavuta hewa ya moto juu, hana pa kutolea joto.

Kwa hiyo mbwa akae nyuma ya kiti cha pili, juu ya mkeka wa ukili. Sponji hushika joto na mkojo. Mkeka unapitisha hewa, unafuliwa, na unakauka upesi. Mfunge kwa mkanda wa kifuani, kamba isizidi sentimita 50. Kola ya shingoni itamkaba siku utakayokanyaga breki ghafla kwa ajili ya bodaboda. Paka akae kwenye kizimba cha plastiki kilichofungwa kisicheze, nusu yake ikifunikwa kanga, na mlango wa gari usifunguliwe kabla ya kuhakikisha kizimba kimefungwa. Paka akiponyoka katikati ya mkonge, kumpata ni kazi ya siku nzima.

Muheza watu husimama kununua machungwa, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Gari likizimwa juani, joto la ndani laweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Mmoja ashuke, mwingine abaki na wanyama kivulini. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 maisha yake yako hatarini. Dalili ni ulimi kuwa mwekundu sana, mate mazito ya kunata, na kuyumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, kisha mpepee. Usimfunike taulo lililolowa, kwani likishapata joto linalizuia lisitoke. Anza kumpoza hapohapo, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita moja kwa siku, na kwenye joto hili hesabu mbili. Beba dumu la lita 20 la wanyama peke yao.

Usiku feni ni lazima, na feni inataka umeme wake. Betri ya kuwashia gari haifai, sahani zake ni nyembamba na ukiizoesha kuisha itakufa mapema. Weka betri ya sola ya AH 100 (ampea kwa saa), iungwe na ya gari kwa waya wa milimita za mraba 10 kupitia rilei ya kutenganisha, yaani swichi inayoziunganisha betri mbili injini ikiwaka tu, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Feni mbili za volti 12, kila moja ikila ampea 1, kwa saa 10 ni AH 20. Friji ndogo ya nyama na dawa inaweza kula kama 30 kwa siku. Jumla ni 50, yaani nusu ya betri, na huo ndio mwisho: betri ya risasi ikizoea kushuka chini ya hapo haidumu. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha 25 hadi 30 hivi; zilizobaki zitoke kwenye injini ukiwa barabarani.

Kuelekea Korogwe unapita kwenye mkonge, zao lililoletwa Pangani mwaka 1893 na Richard Hindorf, ikasalimika miche 62 tu. Tazama ncha ya jani: mwiba mweusi, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, tena uko usawa wa jicho la mbwa. Asikimbie humo bila kamba. Utomvu wake huwasha ngozi, na maji machafu yanayotoka korona, mashine ya kuchakata mkonge, asiyanywe.

Ukilala karibu na malisho, kagua kupe kila jioni: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Kuna wanaompaka mbwa dawa ya josho la ng'ombe. Msifanye hivyo, na kwa paka ni hatari zaidi: dawa yenye permethrin humtetemesha na kumuua, hata akiipata kwa kumlamba mbwa aliyepakwa. Nunua dawa iliyoandikwa jina la mnyama husika na uzito wake.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwemo garini, na ofisi ya mifugo ya wilaya iulizwe mapema kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Mkomazi na Saadani ziache, hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wala paka. Pa kulala, piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji au meneja wa shamba kabla jua halijazama, useme wazi kwamba una mbwa. Wapo wasiotaka awakaribie, na ni haki yao.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona tupu. Chakula cha mwisho kiwe muda wa saa nne kabla ya kupanda, la sivyo mtasafisha matapishi. Juu kule, mita 1,400 hivi, mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na mbwa wa pwani mwenye manyoya mafupi anahitaji blanketi. Kushuka, tumia gia ileile uliyopandia. Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama mahali penye nafasi, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, na usimwagie maji diski ikiwa ya moto, itapinda. Nusu saa inatosha kupoa, na mbwa naye apate kushuka kukojoa, kamba ikiwa mkononi.