Kioo cha kwenye handaki

Safari hii nilienda kutazama vioo tu, wenzangu wakacheka wakasema si ujitazame bafuni uokoe nauli. Nikaanzia Versailles kule Ufaransa, kwenye ule ukumbi mrefu wa mfalme Louis wa 14, vioo 357 vimepangwa kwenye matao 17 yanayotazamana na madirisha 17, na enzi hizo kioo kikubwa kilikuwa kitu cha matajiri haswa maana mafundi wa Venice ndo walikuwa wameubana ujuzi wake. Ila niseme ukweli, nilichoka mapema. Watu kibao, kila mmoja anapiga selfi, nilichoona zaidi ni visogo vya watalii.

Nikapanda treni ya London. Nimekaa dirishani, mashamba yanapita, afu ghafla tukaingia lile handaki la chini ya bahari, kama kilomita 50 hivi, na dirisha likageuka kioo palepale. Sio kwamba limebadilika, glasi ya kawaida muda wote inarudisha kama asilimia 8 ya mwanga, mchana tu mwanga wa nje unaimeza, nje kukiwa giza ndo inajitokeza. Basi mi nikawa namchungulia mama mmoja upande wa pili, kofia nyekundu, anatafuna kalamu huku anajaza chemshabongo, najiambia hawezi kujua, si naangalia dirishani? Akainua macho. Macho yakagongana mle mle kwenye kioo! Nikajifanya natafuta chaja. Kumbe mwanga njia yake ni hiyo hiyo kwenda na kurudi, ukiyaona macho ya mtu kwenye kioo na yeye anayaona yako, hakuna pa kujificha.

Kesho yake nikaingia National Gallery, jumba la picha la London, moja kwa moja kwenye picha ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, aliyoichora Mhispania Velázquez. Kalala kakupa mgongo, katoto kenye mabawa kamemshikia kioo, na uso wake unaonekana humo. Watu waliosimama pale wote wanasema anajitazama. Hapana bana! Kama mimi nauona uso wake basi yeye ananiona mimi, yale yale ya mama wa kofia. Halafu uso wenyewe una ukunguukungu na ni mkubwa mno, kioo cha kweli kingeuonyesha mdogo zaidi (picha hii mwaka 1914 mwanamke mmoja wa harakati za wanawake kupiga kura aliikatakata, wakaitengeneza, mi sikuona hata kovu).

Kilichoniweka muda mrefu ni picha aliyoichora Jan van Eyck, ya mume na mke wameshikana mikono. Ukutani nyuma yao kuna kioo cha duara kilichobinuka kama saiti mira ya gari, kwa hiyo kimemeza chumba kizima, migongo ya wale wawili, dirisha, na mlangoni kuna watu wengine wawili wamesimama, yaani palepale nilipo mimi. Juu yake kaandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434, kama wanafunzi wanavyochora kwenye madawati. Chini miguuni pa wenyewe kuna kijibwa chenye manyoya, kila unyoya umechorwa. Nikakitafuta kwenye kioo, sikioni. Nikasogea, sikioni, nikasogea tena mpaka mlinzi akakohoa.