Plagi zimelowa, moto hakuna

Stata inazunguka vizuri, betri ni nzima, gari haliwaki. Unafungua plagi na kuipima: haitoi moto, yaani cheche. Hapo mafundi wengi ninaowajua hapa Morogoro wanauza plagi nne mpya, na zikishindikana wanauza koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa plagi. Mimi kwanza naitazama ile plagi niliyoichomoa. Ni kavu, au imelowa petroli?

Wiki jana mwalimu mmoja mstaafu aliletwa gereji na Corolla 100, injini ya 5A-FE, likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya mkwewe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya kinyonge. Fundi wa kwanza alikuwa ameshambadilishia plagi na pampu ya mafuta. "Kijana wangu," akaniambia, "ada ya mjukuu imeishia humu ndani ya boneti."

Plagi zake zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikafurahi kimoyomoyo, maana kwenye Toyota za miaka ya tisini hiyo ni nusu ya jibu. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaiambia ignaita, swichi ya koili, ikate umeme wa koili, na kila ikikata, ignaita inarudisha taarifa kwa waya unaoitwa IGF. Taarifa isiporudi, kontroli boksi inazifunga nozeli zinazomwaga petroli. Kwa hiyo petroli ikiwa inaendelea kumwagika ndani ya silinda, ujue ignaita inafanya kazi na inajibu. Ugonjwa uko mbele yake, njia ya umeme mkubwa: upande mkubwa wa koili, kofia ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), rota inayozunguka chini ya kofia hiyo, waya za plagi.

Zingekuwa kavu ningeenda njia nyingine kabisa. Ningefungua kofia na kumwambia mtu apige stata huku natazama rota. Rota isipozunguka, achana na umeme, taiming belti imekatika, kwa sababu distribyuta ya injini hii inaendeshwa na kemshafti, na kemshafti inazungushwa na belti hiyo. Ikizunguka, ningeunganisha vitundu vilivyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia ndani ya boneti na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa: namba 12 ni ishara ya mzunguko wa injini haifiki kwenye kontroli boksi, 14 ni ignaita haijibu. Kipande cha waya tu kinatosha, wala huhitaji mashine ya kupimia. Ya Mwalimu niliijaribu pia kwa uhakika: ilipepesa mfululizo bila namba, yaani hakuna kosa, ikakubaliana na plagi zilizolowa.

Neno kuhusu kupima moto, maana naona vijana wanafanya vituko. Usiinue waya mtupu ukapiga stata uone cheche itaruka umbali gani. Umeme ule ni maelfu ya volti. Ukikosa njia ya kwenda kwenye bodi utajitafutia yake, ndani ya koili, ndani ya ignaita, au kupitia mkono wako. Vika plagi nzima kwenye waya, ibane kwa waya wa jampa kwenye chuma cha injini, chomoa soketi za nozeli ili mafuta yasiendelee kumwagika, halafu ndiyo stata. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia ikilia. Ya Mwalimu hata ya njano haikuwepo.

Koili nikaipima kwa mita: upande mdogo om moja na kitu, upande mkubwa kama kilo-om 12. Salama. Kofia haikuwa na ufa, na kaboni ya katikati, ile inayopeleka umeme kwenye rota, ilikuwepo. Nikaing'oa rota, nikaigeuza. Chini yake, pale inapokaa kwenye shafti, kulikuwa na kitundu kama cha pini kimezungukwa na weusi. Umeme wote ulikuwa unatoboa plastiki na kuishia kwenye shafti, hakuna silinda iliyopata kitu. Nikavika rota ya akiba, cheche ikalia.

Wengi wangeishia hapo, wapokee hela. Lakini rota haitobolewi bure. Nikapima waya za plagi, ambazo Toyota inataka zisizidi kilo-om 25. Tatu zilikuwa chini ya hapo, wa silinda ya tatu mita haikusoma chochote: umekatika ndani, nje unang'aa kama mpya. Umeme uliponyimwa njia kwa muda mrefu ukajitobolea yake. Ningeweka rota peke yake, angerudi kwa kamba ileile.

Seti ya waya, rota, plagi zikakaushwa zikarudi zilezile. Likawaka, likatoa moshi wa petroli iliyojaa, likatulia. Mwalimu hakuuliza mengi. Aliomba rota mbovu na ule waya, akavifunga kwenye gazeti akaviweka mfukoni. Nikamuuliza vya nini.

"Napitia kwa yule fundi," akasema. "Ana somo la ziada leo."