Nilivyomfuata Thiers mpaka kaburini

Mwaka jana nilikaa Paris siku nne kwa binamu yangu, na mimi sikuwa na haja na mnara wa Eiffel, nilikuwa namtaka jamaa mmoja mfupi anaitwa Adolphe Thiers, mwandishi wa habari wa karne ya 19 aliyeishia kuwa rais wa Ufaransa. Binamu kanicheka balaa, wenzako wanakuja Paris kula bata wewe unatafuta marehemu.

Asubuhi tukapanda metro namba 12 tukashukia Saint-Georges, ukitokeza tu juu nyumba yake hiyo hapo, jengo la maana, siku hizi lina maktaba. Ila siyo ile ya mwanzo, ile waliibomoa Wakomuna, yaani watu wa Paris walioiasi serikali yake, Mei 1871, halafu akajengewa nyingine kwa hela za serikali. Na pale katikati ya uwanja kuna sanamu, nikajua ndo mwenyewe, kumbe Gavarni, mchora katuni!

Sasa huyu bwana katokea Marseille, kaingia Paris 1821 mfukoni hana kitu, akawa anaandikia gazeti la Le Constitutionnel, Januari 1830 yeye na waandishi wenzake Mignet na Carrel wakaanzisha gazeti lao, Le National. Julai mfalme Charles X akatoa amri za kuyaziba mdomo magazeti, waandishi wakajazana ofisini kwa Le National wakasaini tamko la kukataa kutii, na aliyeliandika hasa ni Thiers, watu wakaingia mtaani siku tatu, mfalme kwisha habari. Hapo nilimpenda bure. Basi akapewa uwaziri, 1835 yeye ndo waziri wa mambo ya ndani na serikali yao ikapitisha sheria za kuyabana magazeti!! Yaani mlango aliopitia yeye ndo huo huo anaupiga kufuli.

Mchana tukaenda makaburi ya Père Lachaise. Lake utadhani kanisa, lina mlango kabisa, na Kilatini kinachosema aliipenda nchi yake akaienzi kweli. Binamu akauliza, kweli ipi? Tukashuka mpaka kona ya mwisho kwenye ule Ukuta wa Wakomuna, ndani ya makaburi hayo hayo, ambako 28 Mei 1871 askari wa serikali yake waliwapanga Wakomuna 147 wakawapiga risasi. Kibao tu ukutani, na maua, tena mabichi.

Binamu aliyekuwa ananicheka asubuhi ndo akagoma kuondoka, mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.