Nilienda Goma kuangalia nyumba ya mbao

Sisi watu wa Bukavu tuna kiburi chetu. Mgeni akifika tunamzungusha mjini, tunamwonyesha zile nyumba za wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa Costermansville, kona zimeviringwa, balkoni ndefu, madirisha yanatazama ziwa, tunamwambia ona urithi wetu. Sasa jamaa yangu mmoja wa kazi, mtoto wa Goma, akanisikia nikimpigia mtu hadithi hiyo, akacheka sana, akasema nyinyi mnaheshimu simiti tu, kuja kwetu nikupeleke kwa baba mdogo, nyumba yake ya mbao imeshahama kartie, yaani mtaa, na mwenyewe bado ni yule yule. Hiyo ndiyo iliyonipandisha boti. Nasimulia mambo ya mwaka 2022, wakati mtu alikuwa anaenda Goma na kurudi bila kujiuliza mara mbili.

Njia ya ziwa Kivu sitaisimulia sana, aliyeipanda anaijua. Boti ya haraka inatoka asubuhi, kisiwa cha Idjwi kinakaa ubavuni mwako mpaka unachoka kukitazama, watu wanalala, kuna mama alikuwa anauza mandazi humo humo ndani na biashara ilimwendea vizuri kuliko hata mwenye boti. Halafu mbele kabisa unaona volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, na moshi wake kichwani, mji mzima umekaa chini yake kama hakuna kitu.

Goma ni nyeusi jamani. Barabara nyeusi, kuta za parseli, yaani viwanja vya watu, nyeusi, vumbi jeusi kwenye viatu, kwa sababu kila kitu kinajengwa kwa mawe ya volkano, na yanapatikana bure, ukichimba kidogo tu unayakuta, shida ni hiyo hiyo kwamba ukitaka kuchimba zaidi hauwezi. Tulipita Rond-Point Chukudu, pale kwenye ile sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu anasukuma chukudu yake, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Nikamuuliza jamaa yangu, mbona chukudu ya mbao imepata sanamu na nyumba ya mbao haijapata hata kibao cha jina? Akasema uliza huyo mzee utakayemkuta.

Baba mdogo anakaa Ndosho. Ni seremala, mikono yake inakuambia kabla hajafungua mdomo. Nikamsalimia, "Shikamoo Papa," akacheka akaitika, akasema hiyo salamu ni ya Watanzania, huku kwetu sema jambo tu mtoto wangu, ikaa. Lakini sikukaa, nilianza kuizunguka nyumba.

Chini kuna msingi wa mawe yaliyopangwa bila simiti nyingi, kimo chake kinafika gotini. Haujachimbwa, umewekwa tu juu ya mwamba, na mbao hazigusi udongo kabisa, mvua ikipiga maji yanapita kati ya mawe. Juu yake nguzo za mikaratusi, halafu mbao zimesimamishwa wima moja kando ya nyingine, na kila mahali mbili zinapokutana amepigilia kipande chembamba kufunika ufa, upepo wa ziwa usiingie. Rangi ya nje ni kijani iliyochoka. Sehemu ya chini amepaka oili chafu ya gari sababu ya mchwa, ukikaribia unaisikia harufu. Manjanja ya juu, yaani mabati ya paa, yameshikwa na misumari, na chini ya kila msumari kuna kiduara cha mpira kilichokatwa kwenye kambambili ya zamani ili tundu lisivuje. Nilipanda kwenye kiti nikavihesabu kidogo, vingine vya bluu, vingine vyekundu, yaani miguu ya familia nzima iko pale juu ya paa.

Ila kilichonishika ni ndani. Nyuma ya mlango, pale ambapo lile karatasi la ukutani limebanduka, mbao zina maandishi ya makala, yaani mkaa: M4, M5, M6. Upande wa pili K1, K2. Nikauliza Papa hii ni nini? Akasema M ni mbele, K ni kushoto. Alipohamisha nyumba aliandika kila mbao kabla ya kuing'oa, akapakia zote kwenye chukudu, safari kadhaa, na watoto walikaa kwenye jiwe wananyoosha misumari iliyopinda ili irudi kazini. Ukiangalia vizuri unaona matundu ya misumari ya zamani kando ya misumari mipya, mbao nyingine zina seti tatu za matundu. Mimi nimepita kwenye nyumba nyingi za wakubwa pale Bukavu, sijaona ukuta unaosimulia maisha yake wazi hivyo.

Mbao zenyewe zilitoka wapi? Hapo ndipo mzee alianza kuzungumza kweli. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, uji wa moto ukashuka ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukameza katedrali ya Saint-Joseph, ukaingia ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa, na mahali pengine unene ulifika mita mbili. Watu kwa mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakavuka mpaka upande wa Gisenyi, Rwanda, na ajabu ya watu wa Goma ni kwamba walianza kurudi kabla hata mawe hayajapoa, mzee anasema viatu vilikuwa vinayeyuka. Wazee wake walikuwa wameshaona nyingine, ya Januari 1977, ambayo ziwa la moto la kule juu lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja.

Sasa utajenga nini juu ya jiwe ambalo bado ni moto? Matofali hauna, simiti bei yake ilipanda, kuchimba msingi hauwezi, kesho haujui kama parseli yako itatambuliwa, mpaka wote umezikwa. Mashirika ya misaada yakagawa miti, mbao, manjanja na misumari, na maseremala kama yeye wakafanya kazi usiku na mchana. "Njo maana unaona mbao mingi Goma," akaniambia. "Si umasikini tu. Mbao unaibeba. Nyumba ya simiti, moto ikikuja, unaiacha."

Na hapo alikuwa anasema kitu anachokijua, kwani mwaka mmoja kabla sijafika, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulirudi. Kesho yake jamaa yangu alinipeleka kwa pikipiki mpaka Buhene, kaskazini ya mji, kule uji ulikosimama karibu na uwanja wa ndege. Jiwe bado jipya, linang'aa, ukikanyaga linapasuka, na juu yake watu walikuwa wanapita na madumu ya maji. Nyumba za simiti zilizoguswa zimebaki mifupa. Sikukaa sana, si mahali pa kupigia watu picha.

Jioni nikamrudia mzee na lile swali la urithi. Kongo tuna sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971. Kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tuna maeneo 5, hifadhi ya Virunga hapo jirani ikiwa ya kwanza mwaka 1979, na yote 5 ni pori na wanyama, hakuna nyumba hata moja, si ya jiwe si ya mbao. Nikamwambia kuna mji wa Paramaribo, kule Suriname, mtaa wake wa nyumba za mbao uliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2002, mwaka ule ule Goma ilipoungua. Nikamwambia tena Japani kuna hekalu la Ise, wanalijenga upya kila miaka 20 kwa mbao mpya, mara ya mwisho 2013, na hakuna anayesema ni jipya kwa sababu wanachokitunza ni ufundi. Hapo aliacha kutafuna bugali. Akauliza, na wakiandika nyumba yangu kwenye hiyo liste, nitaruhusiwa kuihamisha? Nikasema Papa, nadhani hapana, wanapenda nyumba ikae mahali pake. Akasema basi waandike ya jirani.

Mimi nimebaki na msimamo wangu, kwamba kama kuna cha kuandikwa kiwe kile cha makala, namna ya kuhesabu mbao, kupanga msingi bila kuchimba, kuangalia mkaratusi umekauka au bado. Mzee analalamika sana juu ya hilo, anasema vijana wananunua mbao mbichi, wanapigilia, kisha miezi kidogo imepinda na ufa unapitisha mkono, halafu wanajaza makartoni. Na makartoni ndiyo chakula cha moto. Birere, kule karibu na mpaka, mbao zimebanana na waya za umeme zimening'inia kila mahali, nyumba moja ikishika zinakwenda nyingi, kila mtu wa Goma ana hadithi ya hiyo. Bukavu pia hatuna la kuwacheka, Kadutu inaungua vile vile.

Asubuhi ya kuondoka mzee akanituma Birere niangalie nyumba ya mbao ya ghorofa, ngazi yake iko nje, chini duka la sabuni na chumvi, juu wanalala. Alisema ndiyo ile iliyojengwa na mwalimu wake. Niliipata. Nikasimama kuangalia namna mihimili ya ghorofa imeungwa, bila bati ya chuma, mbao imekatwa ikaingia ndani ya mbao nyingine, safi kabisa. Nikamuuliza mama wa duka nyumba ni ya mwaka gani. Akanitazama, akasema yeye anapanga tu, na kama sinunui nisogee, nimewazibia wateja. Nikanunua sabuni mbili, nikaangalia tena.