Nilivyorudi gereji baada ya kubadilishiwa nyonga

Maumivu ndiyo yaliyonipeleka kwa daktari, na kuisha kwa maumivu ndiko kulikotaka kunirudisha gereji kabla ya wakati. Nalitanguliza hili kwa sababu kila fundi, mpagazi au mkulima atakayebadilishiwa nyonga atakutana nalo. Yale maumivu ya kusaga, yanayokuamsha usiku, huondoka mapema sana baada ya upasuaji. Linalobaki ni uchungu wa kidonda, nao unapungua kila wiki. Unasimama, unajisikia mzima, unaanza kutafuta spana. Kumbe misuli iliyopasuliwa haijashika, na mfupa bado unakizoea chuma kipya.

Mimi ni fundi wa malori hapa Malaba, upande wa Uganda. Kazi yangu ni springi, breki na tairi za trela zinazotoka Mombasa kuelekea Kampala, Kigali na Juba. Nyonga yangu ya kulia iliharibika polepole baada ya ajali ya pikipiki ya miaka mingi iliyopita. Kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu, kikafa, kikabonyea. Mwishoni sikuweza hata kuvaa soksi mwenyewe.

Daktari bingwa wa mifupa, huko Kampala, alinichorea kwenye karatasi. Kichwa kilichokufa kinakatwa, shina la chuma linaingizwa ndani ya mfupa wa paja, juu yake kinakaa kichwa kipya cha mviringo, nacho kinazunguka ndani ya kikombe kilichopachikwa kwenye mfupa wa nyonga. Nikamwambia hiyo ni boljointi ya usukani, akakubali. Ndani ya kikombe mara nyingi huwa na plastiki ngumu. Mpango huo wa chuma kuzunguka ndani ya plastiki uliimarishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilimuuliza swali ambalo madereva huniuliza mimi kila siku: itakaa muda gani? Akasema takwimu zilizochapishwa mwaka 2019, kutoka nchi zinazoweka kumbukumbu za kila aliyefanyiwa, zilionyesha kwamba nyonga kama 58 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Ila plastiki inalika kwa matumizi, na kazi kama yangu si ya kuihurumia.

Kabla ya upasuaji nilifanya jambo ambalo namshauri kila mtu wa kazi nzito alifanye. Nilimwomba kijana wangu anirekodi kwa simu nikielekeza kazi, naye mwenzake akiifanya, nikampelekea daktari video. Ukisema tu “mimi ni makanika”, daktari anaweza kudhani unasimama mbele ya boneti. Alipoona kijana amejikunja chini ya ekseli, goti limekaribia kifua na mguu umegeukia ndani, aliisimamisha video hapo hapo. “Mzee, mkao huu ndio unaochomoa kiungo kipya,” akaniambia. Yeye hupasua kwa kupitia nyuma ya nyonga, na kwa upasuaji wa namna hiyo mkao ule ndio hatari kubwa. Tangu siku ile tulizungumza juu ya kazi yangu yenyewe, si juu ya kazi kwa jumla.

Masharti ya wiki za mwanzo yalikuwa haya: usikunje nyonga kupita pembe mraba, usipishanishe miguu, usigeuze mguu uliopasuliwa kwa ndani, lala na mto katikati ya mapaja. Hospitalini ni rahisi. Nyumbani kwetu vigoda ni vifupi, sofa inazama, na choo ni cha shimo, unachuchumaa. Kwa kweli choo ndicho kilichonipa wasiwasi kuliko upasuaji. Fundi wa kuchomelea pale jirani alinitengenezea kiti cha mabomba, kimetobolewa katikati, kirefu kiasi kwamba nikikaa nyonga inabaki juu ya goti, na mikono yake ya kushikia imara pande zote mbili. Kiti hicho kilitangulia kufika nyumbani kabla yangu. Kama unajiandaa kwa upasuaji huu na choo chenu ni kama chetu, anza na hicho kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye swala nilitumia kiti cha kawaida kirefu na kuinama kwa ishara, na dini inamruhusu mgonjwa.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Sista aliniambia nisikae mfululizo, kwa sababu damu inaweza kuganda miguuni, na hatari hiyo haiishi siku unapotoka wodini. Ndiyo maana nilipewa dawa ya kuzuia kuganda, niendelee nayo nyumbani. Basi tulisimama Namawojjolo, tukasimama Jinja, tukasimama Iganga, na kila mahali nilishuka nikatembea kwa magongo. Mke wangu alilisimamia hilo bila kunionea haya.

Mazoezi ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa nimechechemea miaka, kwa hiyo misuli ya ubavuni mwa nyonga ilikuwa imelala kabla hata kisu hakijaigusa. Dada wa fiziotherapia alinipa kipimo ambacho nimewafundisha wengi tangu hapo: simama kwa mguu uliopasuliwa peke yake, mbele ya kioo, mkono umegusa ukuta kidogo. Kiuno cha upande wa pili kikishuka, misuli bado. Changu kilikuwa kinashuka vibaya. Nililala ubavu, mto ukiwa katikati ya miguu, nikainua mguu taratibu, asubuhi na jioni, hadi nikachoka nao. Alinifundisha pia kwamba fimbo inashikwa na mkono wa upande wa mguu mzima, si upande ulioumwa. Hapa mtaani watu walinisimamisha kunisahihisha, nami niliendelea na maelekezo yake.

Picha ya wiki ya sita ilionyesha chuma kimekaa vizuri. Nikaruhusiwa kuacha magongo kidogo kidogo, na kwenda gereji kukaa, kusikiliza injini na kuelekeza vijana. Kazi nyepesi ya mikono ilikuja karibu na mwezi wa tatu. Uzito ulikuwa wa kusubiri hadi nusu mwaka, na tena kwa kipimo. Kipindi hicho kilikuwa kigumu kifedha, sitalificha. Makanika wa kujitegemea halipwi akiwa kitandani. Vijana walinigawia sehemu ya kila kazi niliyoielekeza, na kikundi chetu cha akiba kilinikopesha. Anayepanga upasuaji apange na fedha ya miezi sita, si ya hospitali tu.

Jambo lililonirudisha kazini kwa uhakika ni shimo. Nilimwomba mzee mwenye kiwanja ruhusa ya kuchimba shimo la kukagulia magari, akakubali. Tulilichimba linifike mabegani, tukalijengea kwa matofali kwa ajili ya mvua, tukaweka ngazi za saruji na bomba la kushikia. Sasa trela linapita juu, nami nafanya kazi nimesimama, mikono juu, nyonga imenyooka. Mkao ule wa kwenye video umekufa kabisa gerejini kwangu. Hata vijana wenye nyonga nzima hawataki tena kutambaa chini. Kwenye ngazi nafuata kanuni ya hospitali: kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka ule uliopasuliwa unatangulia. Na petroli haisogezwi karibu na shimo, maana mvuke wake ni mzito na unatuama chini.

Tairi la trela pamoja na rimu yake linakaribia kilo 100. Zamani tulikuwa tunalikumbatia na kulinyanyua, na vijana waliona ndiyo uanaume. Sasa tunashusha jeki hadi ekseli iwe kwenye kimo ambacho tairi linabingirishwa tu na kuegemezwa, kisha mtaimbo unaingizwa chini yake, mtu anaubonyeza kidogo, matundu yanakutana na bolti. Hakuna mgongo wala nyonga inayobeba kitu. Springi na gia boksi zinashushwa kwa cheni na toroli. Imenishangaza kuona kwamba kazi haikupungua kasi.

Vidonda navichukulia kwa uzito kuliko zamani. Mkono uliokatwa na bati lenye grisi, jino lililooza, jipu la mguuni, vyote vinaweza kupeleka vijidudu kwenye damu, na vikikifikia chuma kukitibu ni kazi kubwa, wakati mwingine ni upasuaji mwingine. Nina maji safi na sabuni gerejini, na kidonda kikivimba naenda kliniki siku hiyo hiyo. Kila nikiingia humo nataja nyonga yangu kabla ya kuulizwa.

Kuna kazi nilizoziacha. Gari likivunjika springi usiku kando ya barabara, huko kwenye msitu wa Busitema, wanaenda vijana. Kulala kwenye lami kando ya trela lililoinama si kwangu tena. Mifuko ya saruji ya kilo 50 sibebi begani. Na kutoka kwenye kebini siruki: nashuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye vishikio, mguu wa kulia ukitangulia kutafuta kidato.