Gigabaiti 36 kutoka Tanga

Kaka wa bibi harusi ni mhariri wa video, anaishi Muscat pamoja na mama yao. Hawakuweza kuja Tanga, kwa hiyo tulikubaliana nimpandishie video zote za harusi kwenye seva yangu (kompyuta iliyo mtandaoni muda wote), naye azishushe huko. Niliziunganisha zikawa faili moja ya gigabaiti 36. Kila asubuhi mama ananipigia: "Mwanangu, imefika?" "Shikamoo mama, bado inapanda."

Mara ya kwanza nilitumia kivinjari. Laini yangu ikitulia hupandisha megabiti 8 kwa sekunde (kile kiwango kikubwa unachotangaziwa ni cha kushusha). Piga hesabu: gigabaiti 36 ni megabiti 288,000, gawa kwa 8, ni sekunde 36,000, yaani saa 10 kamili. Kwenye asilimia 91 umeme ukakatika, ruta ikazima. Uliporudi, kivinjari kikaanza upya kutoka sifuri. Nilimfikiria yule mama, nikaumia kweli.

Umeme utakatika tu, na mtandao utayumba. Ubaya ni kutumia njia inayotaka mzigo wote ufike kwa mkupuo mmoja. Sasa natumia rsync, programu ya bure ya kunakili faili kati ya kompyuta, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Iwepo kwenye kompyuta yako na kwenye seva pia, kisha andika kwenye terminali (weka jina la faili na anwani ya seva yako):

until rsync -P --append-verify --timeout=60 harusi.mov mimi@seva:/video/; do sleep 30; done

Hiyo P kubwa hutunza kipande kilichokwisha kufika; kwa kawaida, safari ikikatika rsync hukifuta. Append-verify huendelea pale ilipoishia, na mwishoni hukagua faili nzima. Timeout nimeiweka kwa sababu intaneti ya simu mara nyingi haikatiki, inaganda tu, na programu itakaa inasubiri mpaka kesho. Ikishindwa, inapumzika sekunde 30 na kujaribu tena. Tengeneza mapema ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva bila kuandika nywila), la sivyo itakudai nywila saa nane usiku umelala. Usiongeze -z (ya kubana data), video tayari imeshabanwa, utaichosha kompyuta bure.

Usiku nilipoitumia rsync, mtandao ulikatika mara tatu. Niliamka alfajiri nikakuta imemaliza, lakini kadi ya kamera sikuifuta kwanza. Niliendesha sha256sum, programu inayotoa alama ya utambulisho wa faili, kwenye laptopu, kisha kwenye seva, nikaziweka zile herufi na tarakimu 64 mstari juu ya mstari, nikazifuata kwa kidole mpaka ya mwisho. Zilifanana zote. Hapo ndipo nilipompigia mama mimi mwenyewe, kabla hajanipigia yeye.